Kasi kabla ya ukubwa: Kuchagua diski ya nje kwa kipakatalishi chenye mashine pepe

MNUNUZI wa diski ya nje anapoingia katika maduka ya vifaa vya kielektroniki ya Luthuli Avenue au Moi Avenue, katikati mwa jiji la Nairobi, swali lake la kwanza aghalabu huwa ni kuhusu ukubwa: je, diski hii hubeba gigabaiti ngapi?

Kwa anayetaka kuhifadhi picha za harusi, filamu au nyaraka za ofisi, swali hilo linatosha. Lakini kwa mtu ambaye kipakatalishi chake kinaendesha mashine pepe, swali la ukubwa linafaa kuwa la tatu.

La kwanza ni kasi ya diski. La pili ni iwapo diski hiyo itabaki imeunganishwa bila kukatika kwa muda wote ambao mashine hizo zinafanya kazi.

Anayekosea mpangilio huo huweza kuishia na diski yenye nafasi tele, ilhali mashine zake zinajikokota kama mkokoteni unaopanda mlima. Mbaya zaidi, huweza kugundua kuwa mashine iliyobeba kazi yake ya muhula mzima imekataa kuwaka siku ya kuiwasilisha.

TARAKILISHI NDANI YA TARAKILISHI

Mashine pepe ni tarakilishi isiyo na umbo la kushikika. Ni programu inayoiga tarakilishi kamili, yenye diski yake, kumbukumbu yake na mfumo wake wa uendeshaji, huku vyote hivyo vikiazimwa kutoka kwa kipakatalishi halisi kilicho mezani.

Miongoni mwa programu zinazotumika kwa kazi hiyo ni VirtualBox, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na ambayo sasa ni mali ya kampuni ya Oracle. Nyingine ni VMware Workstation, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999 na kufanywa ya bila malipo kwa watumiaji wote Novemba 2024.

Kupitia programu kama hizo, kipakatalishi kimoja chenye Windows kinaweza kuendesha Linux katika dirisha moja, seva katika dirisha la pili, na ruta ya kuziunganisha katika dirisha la tatu.

Huo ndio uwanja wa mazoezi wa wanaosomea mitandao, usalama wa tarakilishi na uundaji wa programu. Wamo wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, na wamo vijana wanaojitegemea katika mitaa ya magharibi mwa jiji kama Kilimani, Lavington, Kawangware na Kangemi.

Tangu kituo cha iHub kifunguliwe mwaka 2010 katika jumba la Bishop Magua, kando ya Ngong Road, upande huo wa jiji umehusishwa sana na waunda programu.

Kwa mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua tarakilishi tatu na ruta mbili, mashine pepe humpa maabara nzima juu ya meza ya chumba cha kukodi. Anaweza kuvunja mfumo na kuujenga upya bila kumkosesha mtu yeyote huduma.

Hata hivyo, maabara hiyo hula nafasi. Windows 11 huhitaji diski ya gigabaiti 64 au zaidi, na Ubuntu ya mezani hupendekezewa gigabaiti 25. Mwanafunzi mwenye mashine mbili za Windows na mbili za Ubuntu anahitaji takriban gigabaiti 178 kabla hajahifadhi kazi yoyote ya maana.

Kipakatalishi chenye diski ya ndani ya gigabaiti 256, ambayo pia inabeba mfumo wake chenyewe, programu na nyaraka, hufika ukingoni haraka.

Aidha, faili ya diski ya mashine pepe kwa kawaida huanza ikiwa ndogo na kukua kadiri inavyotumika. Jambo hilo huwapumbaza wengi, kwani nafasi inayoonekana kutosha leo huenda isitoshe baada ya mwezi.

Vilevile kuna taswira, yaani kumbukumbu za hali ya mashine kwa wakati fulani, zinazomwezesha mtumiaji kurudi nyuma akiharibu kitu. Kila taswira huongeza faili yake. Haba na haba hujaza kibaba, na diski inapojaa kabisa, VirtualBox husimamisha mashine papo hapo.

KARANI MMOJA, WAKUBWA WATATU

Hapo ndipo wazo la diski ya nje huja. Lakini diski za nje ni za aina mbili kuu, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko bei inavyodokeza.

Ya kwanza ni diski ya kuzunguka, ambayo ndani yake mna sahani za sumaku na mkono unaosoma data. Nyingi za kubebeka huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde.

Ili kusoma kipande kimoja cha data, mkono husogea hadi mahali panapofaa, kisha husubiri sahani izunguke hadi data ifike chini yake. Kusubiri huko pekee huchukua wastani wa milisekunde zaidi ya 5, mbali na muda wa mkono kusogea. Ndiyo maana diski ya aina hiyo haiwezi kutimiza maombi madogo yaliyotawanyika zaidi ya 100 hivi kwa sekunde.

Kwa kunakili filamu, hilo si tatizo. Filamu ni faili moja ndefu, na mkono husoma mfululizo bila kurukaruka, kwa kasi inayoweza kufika megabaiti 100 kwa sekunde.

Mfumo wa uendeshaji haufanyi kazi hivyo. Unapowaka, husoma maelfu ya faili ndogo zilizotapakaa kila mahali, na huendelea kuandika vijisehemu hata wakati mtumiaji hafanyi lolote.

Mashine tatu zinapotegemea diski moja ya kuzunguka, mkono huo hufanana na karani mmoja wa masjala anayetumwa na wakubwa watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akitaka jalada la kabati tofauti. Muda mwingi hupotelea njiani, si katika kusoma.

Aina ya pili ni diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Data huhifadhiwa katika chipu, na kila kipande hufikiwa kwa njia ya umeme. Diski hizo hutimiza maelfu ya maombi madogo kwa sekunde, na zilizo bora hufikisha makumi ya maelfu.

Kwa sababu hiyo, SSD ya gigabaiti 500 humfaa mwenye mashine pepe kuliko diski ya kuzunguka ya terabaiti 4. Ile kubwa ni ghala; hii ndogo ni karakana.

Baadhi ya diski za kuzunguka zenye ukubwa mwingi zina udhaifu zaidi. Njia za data katika sahani zake hupandanishwa kama vigae vya paa ili nafasi iongezeke, na kubadilisha data iliyokwisha kuandikwa hulazimisha diski kuandika upya eneo zima. Hizo zinafaa kuhifadhi nakala, si kuendesha mashine.

Vijiti vidogo vya flashi navyo havifai. Vingi huwa na kasi duni mno ya kuandika vipande vidogo, na huchakaa mapema vinapoandikwa mfululizo jinsi mashine pepe inavyofanya.

TUNDU NA WAYA

Diski yenye kasi haisaidii ikiwa njia ya kuifikia ni nyembamba. Matundu ya USB 2.0, yaliyoanza kutumika mwaka 2000, yana kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, na katika matumizi halisi hupitisha takriban megabaiti 30 hadi 40 tu.

USB 3.0, iliyotangazwa mwaka 2008, ina kikomo cha gigabiti 5, na huweza kupitisha zaidi ya megabaiti 400 kwa sekunde. Hiyo inatosha kwa SSD ya kawaida.

Vipakatalishi vingi vya mitumba vinavyouzwa jijini huwa na matundu ya aina zote mbili. Lile la USB 3.0 mara nyingi huwa na ulimi wa buluu ndani au alama ya herufi SS kando yake. Diski inafaa kuchomekwa hapo, na kipanya kiachiwe tundu la zamani.

Tundu la mviringo la USB-C nalo huwapotosha wengi. Umbo lake halielezi kasi yake. Waya nyingi za kuchajia simu zina umbo hilo lakini hupitisha data kwa kasi ya USB 2.0 pekee, hivyo ni salama kutumia waya uliokuja na diski yenyewe.

Isitoshe, tundu ndilo linalolisha diski umeme. USB 2.0 hutoa miliampia 500 na USB 3.0 hutoa 900. Diski ya kuzunguka inayokosa umeme wa kutosha hulia kwa mdundo na kujikata. Kwa hiyo haifai kuichomeka katika kigawanyaji cha matundu kisicho na umeme wake, pamoja na kipanya, kibodi na simu inayochajiwa.

UMEME UKIPOTEA

Suala la umeme lina uzito wa pekee nchini Kenya. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliyeangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru alisababisha giza nchi nzima. Agosti 25, 2023, umeme ulipotea tena usiku na sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege wa JKIA ukiwemo. Disemba 10 mwaka huohuo, hali hiyo ilijirudia.

Mbali na matukio hayo makubwa, kuna kukatika kwa kawaida kwa mtaa mmojammoja, ambako wakazi wa jiji wamekuzoea.

Mwenye kipakatalishi hujiona salama kwa kuwa kifaa chake kina betri. Hata hivyo, diski kubwa za mezani, zile za upana wa inchi 3.5, hutegemea adapta inayochomekwa ukutani. Umeme unapopotea, kipakatalishi huendelea kuwaka huku diski ikizimika ghafla.

Kwa mashine pepe iliyokuwa ikiandika wakati huo, tukio hilo ni sawa na kung'olewa diski ya ndani ya tarakilishi inayofanya kazi. Faili iliyoandikwa nusu huweza kuharibika, na wakati mwingine mfumo wote wa mashine hushindwa kuwaka tena.

Dawa yake ni kuchagua diski ndogo inayopata umeme kupitia waya wa USB, hivyo kutegemea betri ya kipakatalishi. Aliyekwisha kununua diski ya mezani anafaa kuichomeka katika betri ya dharura ya UPS.

Hatari nyingine ni ya mkono wa binadamu. Anayeharakisha kuwahi matatu ya nambari 46 ya kwenda Kawangware huweza kufunga kipakatalishi, kukiacha kilale na mashine zikiwa wazi, kisha kuchomoa diski na kuitia mfukoni. Kipakatalishi kinapoamka, mashine hizo hutafuta diski isiyokuwepo.

Utaratibu unaofaa ni mmoja: kuzima mashine pepe zote, kufunga programu inayoziendesha, kuiagiza tarakilishi iiachilie diski kwa usalama, na ndipo kuchomoa waya.

Aidha, mipangilio ya Windows inayoruhusu matundu ya USB yalale ili kuokoa betri inafaa kuzimwa pale diski inapobeba mashine pepe. Diski yenyewe iwekwe mezani mahali tulivu, isining'inie kwa waya wake.

MPANGILIO WA FAILI

Diski mpya huja ikiwa imeandaliwa kwa mpangilio fulani wa faili, na si kila mpangilio unafaa. Ule wa zamani wa FAT32 haukubali faili moja kufika gigabaiti 4, kwa hivyo hauwezi kubeba diski ya kawaida ya mashine pepe.

Diski nyingi za kisasa huja na exFAT, isiyo na kikwazo hicho na inayosomwa na Windows, Mac na Linux. Lakini exFAT haina daftari la ndani la kuandika kila badiliko kabla ya kulitekeleza, daftari ambalo huisaidia diski kujirekebisha baada ya kukatika ghafla.

Mwenye kutumia Windows pekee anafaa kuiandaa diski upya kwa NTFS, na mwenye Linux pekee kwa ext4. Mipangilio hiyo miwili ina daftari hilo. Anayelazimika kuhamisha diski kati ya mifumo tofauti anaweza kubaki na exFAT, ila awe mwangalifu maradufu anapochomoa. Ikumbukwe kuwa kuiandaa diski upya hufuta kila kilichomo.

KUHAMISHA MASHINE

Kosa linaloweza kumgharimu mtumiaji ni kuikamata faili kubwa ya mashine na kuiburura hadi kwenye diski mpya. Mashine yenye taswira si faili moja bali ni mlolongo wa faili zinazotegemeana. Kiungo kimoja kikiachwa nyuma, mlolongo wote hukatika.

Ni heri kuanza kwa kutengeneza nakala ya mashine, kisha kuizima kabisa badala ya kuiacha katika hali ya kusitishwa. Baadaye itumike amri ya kuhamisha iliyo ndani ya programu yenyewe, pale inapokuwepo, ili faili zote ziende pamoja na anwani zake zirekebishwe.

Katika Windows, diski ya nje hupewa herufi, na herufi hiyo inaweza kubadilika kifaa kingine kinapotangulia kuchomekwa. Mashine iliyosajiliwa katika diski E haitaonekana diski hiyo ikiitwa F. Suluhisho ni kuipa diski herufi ya kudumu, mathalan V, kupitia programu ya Windows ya kusimamia diski.

Mashine iliyohamishwa iwashwe na kujaribiwa kwanza kabla ya kufuta ile iliyobaki ndani. Baada ya hapo, folda ya kuhifadhia mashine mpya ielekezwe kwenye diski ya nje, la sivyo nafasi ya ndani itaanza kujaa upya kimyakimya.

Si lazima kila kitu kihamishwe. Mashine ya kila siku inaweza kubaki katika SSD ya ndani, zinazotumika mara mojamoja ziwe katika SSD ya nje, na faili za kusakinishia mifumo pamoja na mashine zilizostaafu zipelekwe kwenye diski ya kuzunguka.

KABLA YA KUNUNUA

Kuna nyakati ambapo diski ya nje si jibu. Ikiwa kipakatalishi kina gigabaiti 8 za kumbukumbu ya RAM na mtumiaji anawasha mashine tatu zenye gigabaiti 4 kila moja, hakuna diski itakayomwokoa. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huanza kuitumia diski kama kumbukumbu, na kila kitu huzorota.

Dirisha la Windows la kusimamia kazi huonyesha kilichojaa. RAM ikiwa karibu asilimia 100, fedha zinafaa kuelekezwa huko kwanza. Diski ikiwa ndiyo iliyofika asilimia 100 huku RAM ikiwa na nafasi, basi diski ndiyo yenye lawama.

Jambo la pili ni diski ya ndani. Vipakatalishi vingi vya mitumba kutoka Ulaya bado huja na diski ya kuzunguka. Katika mingi ya mitindo hiyo ya zamani, kifuniko cha nyuma hufunguka kwa skrubu chache, na diski hiyo inaweza kubadilishwa kwa SSD ya upana uleule wa inchi 2.5.

Diski iliyotolewa haitupwi. Ikitiwa katika kasha dogo la USB, hugeuka kuwa diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Kwa njia hiyo mtumiaji hupata kasi ndani na akiba nje kwa ununuzi mmoja.

Baadhi ya vipakatalishi vina pia nafasi ya SSD nyembamba ya M.2. Hapo lazima mnunuzi ajue iwapo nafasi hiyo ni ya SATA au ya NVMe, kwani huenda aina moja isifanye kazi mahali pa nyingine. Vilivyo vyembamba sana, ambavyo chipu zake zimeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu, havina njia nyingine ila diski ya nje.

DISKI ZA UONGO

Mnunuzi ana hatari nyingine ya kujihadhari nayo: diski inayodanganya ukubwa wake. Kifaa cha aina hiyo hutiwa chipu ndogo, kisha programu yake ya ndani hubadilishwa ili kitangaze terabaiti 1 au 2.

Mwanzoni kila kitu huenda shwari. Nafasi halisi inapokwisha, kifaa huanza kufuta data ya zamani au kutupa ile mpya bila kutoa onyo lolote. Kwa mashine pepe, ambayo ni faili moja kubwa, kupotea kwa sehemu ndogo tu kunaweza kuharibu zima.

Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, lakini kinga ya kwanza ya mnunuzi ni risiti, udhamini wa maandishi na jaribio la mapema.

Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, huijaza diski nzima kwa data na kuisoma tena ili kuthibitisha kuwa kila kilichoandikwa kimo. Jaribio hilo huchukua saa kadhaa, na linafaa kufanywa kabla ya kuweka kazi yoyote, wakati muuzaji bado yuko tayari kupokea bidhaa iliyorudishwa.

Kwa diski iliyokwisha kutumika, programu kama CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu za afya zilizomo ndani yake, zikiwemo saa ilizofanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika. Diski yenye sehemu zinazoendelea kuharibika haifai kubeba mashine, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

DATA INAPOSAFIRI

SSD ya nje inaweza kuwa ndogo kama kiberiti. Wepesi huo ni faida, lakini pia ni rahisi kuiangusha chini ya kiti cha matatu au kuiibiwa pamoja na mkoba kati ya afisi ya Westlands na nyumba ya Uthiru.

Hasara haikomi kwenye bei ya kifaa. Waunda programu huweza kuwa na nakala za hifadhidata za wateja ndani ya mashine zao za majaribio, zenye majina, nambari za simu na hata nambari za vitambulisho.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia data ya watu kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu kuwa data hiyo imefikiwa na wasiohusika, ikiwa kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe. Anaweza pia kulazimika kuwaarifu watu hao.

Sheria hiyohiyo inatambua kinga ya kusimba data, yaani kuigeuza isisomeke bila nywila. Wajibu wa kuwaarifu wenye data unaweza kuondolewa pale data iliyopotea ilikuwa imelindwa hivyo.

Kazi hiyo hufanywa na BitLocker katika toleo la Pro la Windows, LUKS katika Linux, au VeraCrypt, ambayo ni ya bila malipo na hutumika katika mifumo yote mikuu. Ufunguo wa dharura uhifadhiwe mahali pengine, kwa maana anayesahau nywila huwa sawa na mwizi mbele ya diski yake mwenyewe. Na panapowezekana, mashine za majaribio zitumie data ya kubuni, ili asiwepo wa kuarifiwa hata diski ikipotea.

AKIBA HAIOZI

Mwishowe, kuhamisha si kuhifadhi. Mashine iliyotolewa ndani na kuwekwa nje bado ni moja tu. Kilichobadilika ni makao yake. Na diski ya nje, inayobebwa na kuangushwa, imo hatarini zaidi kuliko ya ndani.

Taswira nayo si nakala ya akiba. Huishi katika diski ileile na huitegemea faili ya asili. Diski ikifa, vyote hufa pamoja.

Kanuni inayofuatwa kote duniani ni ya nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali tofauti. Kwa mwanafunzi, nakala hizo zinaweza kuwa ile inayotumika katika SSD, nyingine katika diski ya kuzunguka iliyo kabatini, na ya tatu kwa jamaa au katika hifadhi ya intaneti.

SSD huweza kufa bila dalili, na ikikaa muda mrefu bila umeme huweza kupoteza data polepole. Kwa sababu hiyo, diski ya kuzunguka bado ina kazi yake: kubeba nakala zilizotolewa mara kwa mara kutoka kwa programu, huku yenyewe ikiwa imechomolewa.

Ikiwa kutuma makumi ya gigabaiti kwa intaneti ni mzigo, si lazima kutuma mashine nzima. Mfumo wa uendeshaji unaweza kusakinishwa tena kwa saa moja au mbili. Kisichoweza kurudishwa ni kazi ya mtu: programu alizoandika, mipangilio aliyoitunga na maelezo aliyoyakusanya. Hivyo ni vidogo, na hutumwa kwa dakika chache.

Mnunuzi anayefika Luthuli Avenue akiwa amebeba kipakatalishi chake ana nafasi ya kuuliza maswali kwa mpangilio ufaao: ni SSD au ya kuzunguka, ni USB ya kasi gani, inapata umeme kutoka wapi, na ina udhamini wa muda gani. Akishajibiwa hayo, aiombe ichomekwe hapohapo aione ikifanya kazi katika tundu lake mwenyewe, ndipo aulize ni gigabaiti ngapi.